Sura ya Tano: Bahari Iko, Madini Joto Hayapo

Chukua lita moja ya maji ya bahari, yachemshe mpaka yakauke, utabaki na gramu kama 35 za chumvi. Katika lita hiyo mlikuwa na madini joto, yale ambayo maabara huyaita iodini, maikrogramu 50 hadi 60 hivi. Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Chumvi ambayo mtu mzima anashauriwa asiizidishe kwa siku ni gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Gramu 5 ni fungu moja katika mafungu saba ya zile 35. Hata tukijidanganya kwamba hakuna chembe iliyopotea wakati chumvi inakauka juani, kijiko hicho kitakuwa na maikrogramu 8. Mama mjamzito anahitaji 250 kila siku.

Nimeanza na hesabu kwa sababu kuna imani iliyojikita pwani nzima, na nimeisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba upungufu wa madini joto ni maradhi ya bara. Ni shida ya watu wa milimani, ya Makete na Ludewa na Rungwe, kule ambako zamani mzee mwenye goita kubwa kama embe dodo hakumshangaza mtu sokoni. Sisi wenye bahari, ati, tunakula samaki, tunavuta upepo wenye chumvi, na chumvi yenyewe tunaivuna mlangoni. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Mvua za maelfu ya miaka huosha madini joto kwenye udongo wa miinuko na kuyateremsha baharini. Mahindi, viazi na mboga zinazoota kwenye udongo huo huja mezani bila hayo madini, na ng'ombe anayekula majani ya huko hana cha kuweka kwenye maziwa. Nusu ya pili, ile inayosema kwamba aliye karibu na bahari amesalimika, ndiyo iliyowaponza Wapemba.

Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa visiwani Zanzibar. Watafiti waliwapapasa watoto wa shule shingoni, wakachukua mkojo wao, wakaenda majumbani kuangalia chumvi. Unguja walikuta chumvi iliyotiwa madini joto katika nyumba 63 hivi kwa kila 100. Pemba walikuta nyumba moja kwa kila 100. Goita ilikuwa kwa asilimia 21 ya watoto wa Unguja na asilimia 32 ya watoto wa Pemba. Mkojo ulisema lililo wazi zaidi, maana madini joto tunayokula karibu yote huishia huko: kipimo cha kati Pemba kilikuwa maikrogramu 53 kwa lita, ilhali chini ya 100 huhesabiwa kuwa ni upungufu. Kisiwa kizima, chenye maji ya chumvi pande zote nne, kilikuwa na upungufu wa aina ile ile uliowahi kupimwa kwenye vilele vya Nyanda za Juu Kusini.

Chumvi ya Pemba ilikuwa ikivunwa palepale, kwenye mashamba ya chumvi ya ufukweni, na kuuzwa kama ilivyotoka. Ni nyeupe, ni kali, haina ubaya wowote isipokuwa huo mmoja, na huo hauonekani kwa jicho wala hauonjeki kwa ulimi.

Kuna jambo hapa linalonikera kila nikilifikiria. Iodini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akichemsha majivu ya mwani ili apate shura ya kutengenezea baruti za majeshi ya Napoleon. Siku moja akazidisha tindikali, ukafuka moshi wa zambarau, na moshi ulipogusa chuma baridi ukaganda kuwa vipande vyeusi vinavyomeremeta. Ndiyo kusema, madini haya dunia iliyajua kwanza kupitia mwani. Na tangu miishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Unguja na Pemba wanasimama katika maji ya kiunoni bamvua kwa bamvua, wakifunga mwani kwenye kamba, wakiuvuna, wakiuanika, wakiuuza kwa kilo. Unasafirishwa nje kwenda kukamuliwa ute wa kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Mwani wanaoulima wao si ule wa kahawia aliouchemsha Courtois, na simwambii mtu aanze kuutafuna. Mwani wa aina nyingine una iodini nyingi kupita kiasi, na kupita kiasi kuna madhara yake, nitayafikia. Ninachosema ni kwamba mwanamke anaweza kushinda baharini mchana kutwa, akarudi nyumbani na mimba ya miezi miwili, akatia kwenye mchuzi chumvi isiyo na kitu.

Tezi yenyewe inayoyataka madini hayo ni ndogo. Imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, ina mabawa mawili kama kipepeo. Inayanasa madini joto kutoka kwenye damu na kuyafungia ndani ya homoni. Homoni inayotolewa kwa wingi huitwa thairoksini, na kila molekuli yake imebeba atomi nne za iodini. Mwili huing'oa moja, zikabaki tatu, na hiyo yenye tatu ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli: kupandisha joto la mwili (kwa bahati au kwa busara, jina la madini joto linafaa), kuusukuma moyo, kuamuru ubongo unaojengwa uweke nyuzi zake wapi. Hapa hakuna mbadala. Fundi akikosa saruji anaweza kuchanganya udongo na chokaa. Tezi ikikosa iodini haina cha kuazima. Ubongo ukiona homoni imepungua huituma tezi izidishe bidii, nayo huvimba kwa kujikakamua. Uvimbe huo ndio goita, au rovu kwa Kiswahili cha wazee.

Sasa mimba inatunga. Mwili wa mama unatakiwa utoe homoni ya tezi zaidi ya kawaida kwa karibu nusu nzima. Wakati huohuo figo zake zinachuja damu kwa kasi kubwa zaidi na kumwaga madini joto mengi zaidi kwenye mkojo. Na mtoto naye anadai. Kwa wiki 12 hivi za mwanzo hana tezi inayofanya kazi. Baada ya hapo inaanza kwa kusuasua, na mpaka wiki ya 18 au 20 ndipo inapoweza kuzalisha kwa kiasi cha maana. Hata hapo iodini ya kuitengenezea homoni hiyo inatoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma. Kabla ya wiki hiyo ya 12, kila tone la homoni linalofika kwenye ubongo wa mtoto limetengenezwa shingoni mwa mama yake.

Wiki hizo za mwanzo ndizo nyumbani kwetu hazisemwi. Mimba changa haitangazwi. Mama mkwe anajua, pengine na shoga mmoja, basi. Wengi wanakwenda kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu, mimba ikishatulia, kama tunavyosema. Sina ugomvi na desturi hiyo, ina sababu zake, na kuharibika kwa mimba kunaumiza zaidi kukiwa na mashahidi. Ila ubongo hauijui desturi. Mama anapopanda mzani wa kliniki kwa mara ya kwanza, sehemu ya kazi ambayo homoni yake ilitakiwa kuifanya peke yake imeshapita.

Tunajuaje kwamba wakati una uzito kiasi hicho? Jibu lilitoka mbali, kwenye bonde la Jimi katika milima ya Papua New Guinea. Mwaka 1966 daktari Peter Pharoah na wenzake walianza kuchoma sindano familia za huko. Familia moja ilipata mafuta yenye iodini, iliyofuata ikapata maji ya chumvi tu, hivyo hivyo kwa zamu. Kule kulikuwa na watoto wengi wanaozaliwa viziwi, hawasemi, miguu imekakamaa, akili imedumaa: sura mbaya kuliko zote ya upungufu wa madini joto. Miaka ikapita, watoto wakahesabiwa. Katika watoto 534 wa mama waliopata maji ya chumvi, 26 walikuwa na ulemavu huo. Katika 498 wa mama waliopata iodini, walikuwa 7. Na katika hao 7, mama wa watoto 6 walikuwa tayari na mimba siku walipochomwa sindano. Tarakimu hiyo ya 6 katika 7 nimeitafakari kuliko nyingine zote katika kitabu hiki. Wale mama hawakunyimwa dawa. Walichelewa kwa wiki kadhaa.

Tanzania nayo ilifanya jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, ingawa huenda linawahusu wao wenyewe. Kuanzia mwaka 1986, chini ya uongozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, vidonge vya mafuta yenye iodini vilisambazwa katika wilaya zilizokuwa na goita nyingi zaidi. Ilikuwa dozi ya mkupuo, ya kumezwa mara moja na kukaa mwilini kwa muda mrefu, na ilikusudiwa irudiwe kila baada ya miaka miwili. Watu milioni kadhaa walivimeza. Bila shaka ratiba haikufuatwa. Magari, barabara na bajeti vilifanya yao, wilaya moja ikapata mapema, nyingine ikakaa miaka bila kuona kidonge. Baadaye wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, waliuona ucheleweshaji huo kama bahati ya utafiti: watoto wa wilaya ileile, wengine walikuwa tumboni mama zao wakiwa na akiba ya iodini, wengine akiba ilikuwa imekwisha. Makala yao ya mwaka 2009 ilisema waliopata kinga tumboni walikwenda mbele shuleni kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka hivi, na wasichana walifaidika zaidi ya wavulana. Habari hiyo ilipendwa sana, ikanukuliwa kila mahali. Watafiti wengine walipozirudia hesabu hizo hawakuiona faida kubwa namna ile. Mimi nashikilia lililo imara: kwa upungufu mkubwa, ushahidi wa Jimi hauyumbi. Kwa upungufu mdogo, ugomvi wa wataalamu bado haujaisha. Uingereza, watoto wa mama waliokuwa na iodini pungufu kidogo wakati wa mimba walipatikana, wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 9, wako chini katika vipimo vya lugha na kusoma. Lakini jaribio kubwa la India na Thailand, lililowapa wajawazito wenye upungufu mdogo nyongeza ya maikrogramu 200 kwa siku, halikuona tofauti kwa watoto wao. Huenda, kama ilivyokuwa Jimi, nyongeza ilianza mimba ikiwa imeshatunga.

Katikati ya miaka ya 1990 vidonge vilipisha chumvi. Tanzania Bara kanuni zilitaka chumvi yote ya kula itiwe madini joto, na goita kwa watoto wa shule ikashuka kutoka karibu robo yao katika miaka ya 1980 mpaka asilimia 7 mwaka 2004. Ni mafanikio makubwa, na yalipatikana bila kumtaka mtu abadili anachokula. Wakubwa viwandani ni rahisi kuwafikia. Tabu iko kwa wavunaji wadogo wa ufukweni, mwenye majaruba mawili matatu ya chumvi, jembe na baiskeli, ambaye mashine ya kunyunyizia ni ghali kuliko mavuno yake ya msimu.

Lazima niseme kidogo kuhusu muhogo, maana pwani na Maziwa Makuu tunaula sana. Kisiwa cha Idjwi kiko kwenye Ziwa Kivu, Kongo. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji akina François Delange walikuta kitendawili: kisiwa chote kina madini joto kidogo, lakini goita imejaa kaskazini na kusini-magharibi ni haba. Walichokuja kukikuta ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu inayotoa sianidi. Mwili ukiipooza sianidi hiyo huigeuza kuwa thayosianati, nayo hugombania mlango na iodini pale kwenye tezi. Iodini ikiwa ya kutosha, hupita tu. Ikiwa haba, hufungiwa nje. Bibi zetu waliovundika muhogo siku kadhaa ndipo wakauanika na kuutwanga kuwa udaga hawakusoma kemia, ila walikuwa wakiimwaga sumu hiyo pamoja na maji. Wanaokata njia wakati wa njaa, wakachimba leo na kula kesho, ndio wanaodhurika, na mjamzito zaidi.

Basi mama afanye nini? Chumvi ya pakiti yenye madini joto ndiyo msingi. Ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, kijiko chake cha siku kinampa maikrogramu 150, kiasi cha mtu mzima wa kawaida. Zinazobaki mpaka 250 zitoke kwa samaki wa baharini, mayai, maziwa. Aitie chumvi chakula kikikaribia kuiva, aihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke na jua. Asizidishe chumvi kwa kudhani anamzidishia mtoto akili. Shinikizo la damu katika ujauzito halina mzaha. Vidonge vya FEFO anavyopewa kliniki ni vya madini ya chuma na asidi ya foliki, havina iodini, na nimekutana na mama waliodhani kwamba "vina kila kitu". Viko vidonge vya mchanganyiko wa virutubisho vingi, vyenye maikrogramu 150 za iodini, na anayeishi mahali ambapo chumvi ya pakiti haifiki ana haki ya kuviulizia.

Mwenye ugonjwa wa tezi tayari ni habari nyingine, na hapa chumvi haimtoshi. Tezi iliyochoka hujificha vizuri sana ndani ya ujauzito: uchovu, kufunga choo, uzito kupanda, ngozi kukauka, usahaulifu. Mjamzito gani hana hayo? Kipimo cha damu cha TSH ndicho kinachotenganisha. Mwaka 1999 ilionekana Marekani kwamba watoto wa mama waliokuwa na upungufu wa homoni ya tezi bila kutibiwa walikuwa nyuma kwa alama 7 katika kipimo cha akili. Dawa yake, levothairoksini, ni salama kwa mimba, na anayeitumia anapaswa kumwona daktari mara tu anapokosa siku zake, kwa kuwa dozi mara nyingi huhitaji kupandishwa. Na jambo dogo linaloharibu matibabu makubwa: asiimeze pamoja na FEFO. Chuma huidaka dawa tumboni. Apishanishe saa nne, dawa ya tezi alfajiri kabla ya kula, FEFO mchana au usiku.

Kupita kiasi nako kupo. Pale Kivu, na Zimbabwe pia, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa kasi katika miaka ya 1990 kwa watu waliokuwa na goita za siku nyingi, baadhi yao tezi zililipuka kazi: moyo kwenda mbio, kukonda, kutetemeka mikono. Kwa mjamzito, zaidi ya maikrogramu 500 kwa siku hakuna faida inayojulikana. Chumvi ya kawaida haimfikishi huko. Vidonge vya mwani vinavyouzwa kama lishe vinaweza, kwa siku moja.

Nilipokuwa naandika sura hii nilipata kichupa cha kupimia chumvi, kile chenye maji ya wanga. Unadondosha matone mawili. Kama madini joto yamo, chumvi inageuka rangi ya buluu iliyokolea. Nilipima tatu. Ya pakiti mpya iligeuka papo hapo kama wino. Ya mawe, niliyopimiwa kwa kopo kutoka kwenye kiroba cha dukani, ilibaki nyeupe, tone limekaa juu yake kama machozi. Ya tatu ilikuwa ya jikoni kwangu, kwenye kopo lisilo na mfuniko ambalo kwa miaka limekaa rafuni juu ya jiko. Ilipata kivuli cha buluu, tena mpaka uisogeze dirishani ndipo ukione.

Nikarudi dukani na kichupa changu. Mwenye duka alitazama lile tone lisilobadilika, akacheka, akasema ya mawe ndiyo inayotoka, ni ya bei nafuu na inakoleza haraka. Wakati tunabishana akaingia binti mmoja, mkono mmoja ameushikilia mgongoni, akanunua nusu kilo ya hiyo ya mawe. Kisha akaonyesha kwa kidole mtungi ulio pembeni, wenye vipande vya ule udongo mwekundu wanaoupenda wajawazito, akaomba wa shilingi mia mbili. Jina la udongo huo, Bara na pwani, ni pemba.